Umeitwa usaili unaoendeshwa na akili mnemba (AI)? Haya ndiyo utakayokutana nayo (Arusha na Moshi)

Ajira_Njiro (mtoa uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Msimu wa wageni unakaribia na kampuni za safari hapa Arusha zimeanza kutafuta watu wa bukingi, wa mapokezi, wa kujibu barua pepe za wateja. Hoteli nazo zinatafuta. Na kuna vijana wengi siku hizi, kuanzia Sakina hadi Majengo Moshi, wanaomba kazi za kuhudumia wateja wa nje wakiwa nyumbani na laptopu. Wengi wanapokea ujumbe wa aina moja: hongera, umepita hatua ya kwanza, bonyeza hapa uanze usaili wako, una siku tatu. Hakuna jina la mtu, hakuna ofisi ya kwenda, hakuna saa ya kukutana. Ukibonyeza, sauti inakusalimu na kuanza kukuhoji.

Mimi nafanya kazi upande wa ajira katika kampuni ya safari. Hizi programu tunazitumia, na ripoti zake nazisoma mimi. Nimeona watu wazuri, ambao ningewachukua siku hiyohiyo kama ningekaa nao mezani, wakitoka na alama za chini kwa sababu hawakuambiwa kinachotokea upande wa pili. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwanza, jueni zipo za aina tatu. Ya kwanza, swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde kadhaa za kufikiri, kisha kamera inawaka na unajirekodi kwa dakika moja au mbili au tatu. Hakuna anayekujibu. Ya pili ni mazungumzo kabisa: sauti inauliza, unajibu, nayo inachukua ulichosema na kukuuliza zaidi juu ya hilohilo. Ya tatu ni ya kuandika, kama unachati. Tangazo mara nyingi halisemi ni ipi, kwa hiyo uliza.

Sasa sikilizeni kinachofuata, maana hapa ndipo penye uzito. Sauti yako ikishaingia, programu inaigeuza kuwa maandishi. Kisha programu nyingine inasoma yale maandishi na kuyalinganisha na vigezo ambavyo mwajiri aliviweka mwanzoni, mfano "ameeleza jinsi alivyomhudumia mteja mwenye shida", halafu inatoa alama na muhtasari wa mistari michache. Mimi asubuhi nafungua orodha iliyopangwa kuanzia alama ya juu. Nikiwa na muda nasoma maandishi yote. Nikiwa na waombaji wengi kuliko muda, wa chini huenda nisiwafikie. Huo ndio ukweli wa ofisi nyingi.

Kwa hiyo kitakachokutetea ni maandishi. Tabasamu, suti, mkono ulioshikwa vizuri, vyote hivyo havimo kwenye ripoti ninayoisoma. Kuna watu wanawauzia wenzao mafunzo ya "jinsi ya kukaza macho kwenye kamera ili AI ikupe alama". Zamani kulikuwa na msingi wa jambo hilo: kampuni ya Marekani ya HireVue, mojawapo ya kubwa katika biashara hii, ilikuwa ikipima hata miondoko ya uso. Ililalamikiwa mbele ya tume ya biashara ya Marekani mwaka 2019, na Januari 2021 ikatangaza kwamba imeachana nayo. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Februari 2025 sheria yao inakataza mifumo ya kusoma hisia za mtu sehemu za kazi. Vaa vizuri kwa heshima yako na kwa sababu binadamu anaweza kuja kuitazama video. Ila nguvu zako ziweke kwenye maneno.

Maneno ya namna gani? Chukueni swali linaloulizwa kila mahali: tueleze siku ulipokutana na mteja mwenye shida. Jibu ninalolisoma mara nyingi ni hili: "Mimi ni mchapakazi, mvumilivu, napenda kufanya kazi na wenzangu na naweza kufanya kazi chini ya presha." Ukilitafuta tukio ndani yake hulioni. Programu imeambiwa itafute tukio, haikuti kitu, inaandika hakuna ushahidi.

Mwingine anasema: "Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli Karatu. Wageni wanne walichelewa kwa sababu ndege yao ilichelewa kufika KIA, na geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro hufungwa saa kumi na mbili jioni. Walitakiwa kulala ndani, wakawa wamekasirika. Niliwatafutia vyumba viwili kwetu, nikapiga simu kambi waliyotakiwa kulala kuomba wahamishe siku, nikamwambia dereva awafikishe getini alfajiri. Walilipa usiku mmoja tu wa ziada, na kesho yake waliingia kreta mapema." Huyu ametaja mahali, tatizo, alichofanya yeye mwenyewe, na mwisho wake. Hata kama Kiingereza chake kina makosa, alama zinapanda kwa sababu kila kigezo kimepata chakula chake. Nami nikisoma naona mtu ninayeweza kumwachia zamu.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyoweza.

KijanaWaSakina

Asante mkuu kwa uzi. Swali langu la kwanza ni umeme. Huku kwetu ukikatika katikati ya usaili inakuwaje? Na bando, iishe katikati je?

Ajira_Njiro

Mifumo mingi ya kujirekodi huhifadhi jibu moja moja, ukirudi unaendelea pale ulipoishia. Ya mazungumzo ndiyo yenye shida, mara nyingine inahesabu umemaliza. Ikitokea hivyo, piga picha ya skrini kama bado inaonekana, kisha andika barua pepe muda uleule, usingoje kesho: taja nafasi uliyoomba, saa iliyokatika, omba ufunguliwe upya. Sisi huwa tunafungua. Anayeandika baada ya wiki namwona kama aliyeshindwa akatafuta sababu, na wengine wenye kazi kama yangu wanafikiri hivyohivyo.

Kuhusu bando, weka GB 1 uwe na akiba hata kama hautaimaliza. Simu iwe imechajiwa, na uitumie kwenye data ya simu kuliko waifai ya jirani ambayo umeme ukienda nayo inakwenda.

Na kingine hujauliza lakini ni muhimu kuliko hata umeme: mvua juu ya bati. Masika haya nimesikiliza rekodi ambazo mtu anaongea vizuri kabisa ila maandishi yametoka vipande vipande. Maiki ya simu inachukua kelele yote. Tumia hedifoni zenye maiki, kaa chumba chenye pazia na godoro, siyo sebuleni penye sakafu tupu. Ukiona mawingu Meru, fanya mapema.

BintiPasua

Mimi niko Moshi, nimehitimu Chuo Kikuu cha Ushirika. Nilifanya ile ya mazungumzo kwa kazi ya huduma kwa wateja mtandaoni. Kilichonitesa ni kimoja: nikinyamaza kidogo kutafuta neno, ile sauti inaingia. "Asante, tuendelee na swali linalofuata." Jibu langu lilikuwa nusu. Nikajikuta naongea haraka haraka ili isinikate, nikawa naharibu zaidi. Nilitoka pale nimechoka kama niliyefanya mtihani wa siku nzima. Kuna namna?

Ajira_Njiro

Pole sana dada. Hilo ni tatizo la programu na linawapata wengi. Haijui kwamba unafikiri, inapima ukimya. Ukimya ukifika kiasi fulani inahesabu umemaliza. Sisi tunaozungumza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu tunahitaji ukimya zaidi, kwa hiyo inatuumiza sisi zaidi.

Namna zipo. Swali likiisha, sema kwa sauti: nipe kidogo nifikirie. Baadhi zinaelewa sentensi hiyo na zinasubiri. Ikikukata, sema tu: sijamaliza jibu la swali lililopita, naomba niongeze. Iongeze hata kama swali jipya limeshaulizwa, maana yote yanaingia kwenye maandishi na msomaji ataona. Na usikimbie. Kuongea haraka kunaongeza makosa kwenye maandishi kuliko kunavyookoa muda.

Majina ya kwetu nayo yanapotea. Nimeona "Mto wa Mbu" ikiandikwa kama maneno matatu ya Kiingereza yasiyo na maana. Ukitaja mahali, kizungushie maelezo: mji ulio karibu na Ziwa Manyara, unaitwa Mto wa Mbu. Jina likipotea, maelezo yanabaki.

MzeeWaSekei

Nimesoma yote kwa utulivu, mtoa uzi. Umeeleza vizuri na nakushukuru. Lakini ngoja niseme kinachonisumbua.

Mtu anaomba kazi. Ameacha shughuli zake, ameazima shati, amenunua bando. Anakaa peke yake chumbani na kuongea na kitu kisichomjua. Mwajiri yeye hajatoa hata dakika kumi zake. Kwetu sisi, mtu akija kwako na shida yake, unamkaribisha, unamsikiliza, hata kama jibu ni hapana, unamwambia ukiwa unamtazama. Hii ya kumsikiliza mtu kwa mashine halafu kumnyamazia naiona ni kumvunjia heshima. Na mnaifundisha kana kwamba ni mvua tu, inanyesha, tafuta mwavuli.

Halafu nani amethibitisha inachagua vizuri? Amazon walitengeneza mfumo wao wa kuchambua CV, ukajifunza kutokana na CV za miaka ya nyuma ambazo nyingi zilikuwa za wanaume, ukawa unashusha CV yenye neno linaloonyesha mambo ya wanawake. Wakauacha. Shirika la habari la Reuters liliandika habari hiyo mwaka 2018. Hao ni Amazon, wenye wataalamu wote. Hizi kampuni zetu zinazonunua programu kwa mwezi zinajua nini kiko ndani?

Ajira_Njiro

Shikamoo mzee. Hoja ya kumnyamazia mtu naikubali yote. Hakuna programu inayomzuia mwajiri kutuma jibu. Anayenyamaza ameamua kunyamaza.

Kuhusu kuchagua vizuri, kuna utafiti mmoja ambao naomba niuweke hapa kwa sababu ulifanywa kwa uangalifu. Ulitoka mwaka 2025, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na Erasmus cha Rotterdam. Waombaji kama 70,000 wa kazi za huduma kwa wateja Ufilipino waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakahojiwa na mtu, wengine na sauti ya akili mnemba. Waliohojiwa na akili mnemba walipata ofa za kazi kwa asilimia 12 zaidi, na waliokuwa bado kazini baada ya mwezi walikuwa wengi zaidi upande wao. Waliopewa nafasi ya kuchagua, asilimia 78 walichagua akili mnemba. Kwa hiyo wapo watu, hasa wenye aibu au wanaoogopa kudharauliwa, wanaopumua vizuri zaidi wakiwa na mashine kuliko mbele ya meza ya watu watano wenye nyuso ngumu. Tuwe wakweli, hizo meza tunazijua.

Lakini sehemu muhimu ya utafiti ule: mashine iliuliza tu. Waliosoma na kuamua ni watu. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Iulize, iandike, isiamue.

MzeeWaSekei

Marahaba. Basi tunakaribiana. Ila Ufilipino kijana aliyekulia Kiingereza cha kazi za simu, na mpishi wa Usa River anayejua kazi yake kwa Kiswahili, hao ni watu wawili. Usichukue matokeo ya mmoja ukampimia mwingine.

Ajira_Njiro

Hapo mzee una haki. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walipima programu za kugeuza sauti kuwa maandishi za Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weusi zilikosea wastani wa maneno 35 kati ya 100; kwa weupe, 19. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza. Programu zimeboreka tangu wakati huo, lakini nikisoma rekodi za watu wa huku naona bado kazi ipo.

JikoniUsaRiver

Nimefurahi mzee umetaja mpishi wa Usa River maana ni mimi kabisa. Nimepika kwenye loji miaka mingi. Mkate, supu, nyama ya wageni, chakula cha asiyekula ngano, vyote nafanya. Nimeomba kazi mahali pengine nikatumiwa hiyo linki, maswali yote Kiingereza. Naelewa Kiingereza cha jikoni, naweza kumjibu mgeni, lakini kujieleza dakika tatu mfululizo siwezi. Nikaifunga. Je, kuna ubaya kuwaandikia niombe Kiswahili? Naogopa wataniona sifai.

Ajira_Njiro

Mama, hakuna ubaya hata kidogo, andika leo. Baadhi ya mifumo ya sasa inaweza kuhoji kwa Kiswahili, huenda ni mwajiri tu hakuchagua. Andika hivi, ukibadilisha nafasi na jina:

"Habari. Nimepokea mwaliko wa usaili wa nafasi ya mpishi. Kazi hii naifanya kwa Kiswahili jikoni na kwa Kiingereza cha kawaida kwa wageni. Ninaomba usaili wangu uwe kwa Kiswahili, au nipigiwe simu, au nije kupika mbele yenu siku mtakayopanga. Asante."

Hiyo ya kuja kupika iache humo. Mpishi anapimwa kwa sufuria. Mwajiri mwenye akili timamu ataipenda.

Na hoja yako nimeichukua. Sisi wenyewe tuna nafasi za jikoni na usafi zinakuja. Nitaifikisha ofisini.

Themi_Sheria

Naomba nichangie upande wa sheria, kwa kuwa wengi hawajui kwamba hapa Tanzania tuna pa kusimamia.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024 na ndiyo inayopokea malalamiko. Sauti yako, sura yako, majibu yako, vyote ni taarifa binafsi. Una haki ya kujua zinakusanywa kwa ajili gani, una haki ya kuomba kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Kubwa zaidi kwa uzi huu: sheria inakupa haki ya kumtaka mwenye mfumo asifanye uamuzi unaokugusa kwa uzito kwa kutegemea mashine peke yake. Uamuzi ukiwa umeshafanyika hivyo, unaweza kutaka uangaliwe upya. Kuna mazingira ambayo haki hiyo inabanwa, mojawapo ni pale wewe mwenyewe uliporidhia. Ndiyo maana nawasihi: kile kisanduku cha "nakubali" mnachokitiki kwa haraka, kisomeni. Kinaweza kuwa ndicho kinachoondoa haki yenu.

Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi hata kwa mwombaji kazi, si mfanyakazi peke yake. Mwajiri hawezi kusema "ni kompyuta ilimkataa". Huko Marekani jambo hili liko mahakamani: kuna kesi California dhidi ya Workday, kampuni ya programu za ajira, na Mei 2025 jaji aliruhusu madai ya ubaguzi wa umri yaendelee kwa niaba ya waombaji wengi wenye miaka 40 na kuendelea. Jimbo la Illinois tangu 2020 linamtaka mwajiri amwambie mwombaji mapema kwamba AI itachambua video yake, aeleze inavyofanya kazi, na apate ridhaa yake. New York jijini, tangu Julai 2023, mfumo lazima ukaguliwe kama unabagua. Sheria hizo haziwafungi waajiri wa Arusha. Nazitaja kwa sababu kampuni nyingi zinazotuhoji hapa zinatumia programu za huko, na ukiuliza maswali haya hawatashangaa.

KijanaWaSakina

Mkuu wa sheria, mtu wa kawaida anauliza nini hasa? Sina lugha ya kisheria.

Themi_Sheria

Maswali manne yanatosha, kwa lugha yako ya kila siku. Nani atasoma majibu yangu? Je, kuna mtu atakayeamua, au ni mfumo? Rekodi yangu itakaa wapi na kwa muda gani? Nikipenda kuhojiwa na mtu, nifanyeje? Yatume kabla hujaanza, kwa barua pepe ili ubaki na maandishi.

DerevaNgaramtoni

Mimi naleta onyo. Mdogo wangu alitumiwa ujumbe wa WhatsApp, "usaili wa AI" wa kazi hotelini, mshahara mnono. Roboti ikamhoji vizuri kabisa kwa kuandika, ikamwambia amefaulu palepale. Halafu ikaja: tuma elfu thelathini ya "uhakiki wa matokeo", na namba ya NIDA, na picha yake ameshika kitambulisho. Alituma hela na picha. Namba ikazimwa. Wakuu, huyu kijana alikuwa na furaha ya kazi kwa saa mbili tu. Mpaka leo tunaogopa hiyo picha itatumika kusajilia nini.

Ajira_Njiro

Pole sana kaka, na umpe pole mdogo wako. Mshauri atoe taarifa polisi na kwa mtandao wake wa simu, na abonyeze *106# aangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kwa wengine: usaili wa kweli hauna malipo, wa mtu wala wa mashine. Hakuna anayehitaji PIN yako. NIDA kwa kampuni nyingi inaombwa ukishapata kazi, wakati wa mkataba; ukiombwa kwa WhatsApp pamoja na hela, shtuka. Na hakuna mfumo halali unaokwambia umefaulu sekunde hiyohiyo na kutaka hela. Kabla ya kubonyeza linki, itafute kampuni, piga namba ya ofisi iliyo kwenye tovuti yao, uliza kama mwaliko ni wao. Hapa mjini wengine wana ofisi, panda daladala ukaulize.

KakaMajengo

Wakuu, kuna hili la kutumia AI kujibu AI. Rafiki yangu anafungua dirisha la pili, swali likija analitupia ChatGPT, anasoma jibu. Anasema wao wametumia mashine, naye atumie mashine. Mnaonaje?

Ajira_Njiro

Naelewa hasira iliyo ndani ya hoja yake. Lakini namwambia ninachokiona mimi ninayesoma. Siku ileile naweza kupata majibu kadhaa yanayofanana mwanzo, katikati na mwisho, yenye maneno makubwa na bila mahali hata pamoja. Sihitaji programu ya kuyagundua. Na kwenye usaili wa mazungumzo, swali la nyongeza linammaliza: "ulisema uliongoza timu, ilikuwa na watu wangapi, nani alichelewa?" Hapo hakuna cha kusoma.

Aitumie kabla. Alibandike lile tangazo la kazi, aiambie imhoji kwa sauti, swali moja moja, kwa Kiingereza, na imwambie wapi hakutoa mfano. Afanye hivyo jioni kadhaa mpaka aisikie sauti yake mwenyewe ikitulia. Aandike pembeni matukio yake matano au sita ya kweli, hata kama ni ya duka la shangazi au ya uongozi wa kwaya. Tukio la duka lililosimuliwa vizuri linapita cheti kisichosimuliwa.

BintiPasua

Nina kaka yangu ana kigugumizi. Ni fundi wa kompyuta mzuri sana. Hii ya ukimya uliyoieleza imenitisha kwa ajili yake.

Themi_Sheria

Dada, kaka yako aombe utaratibu tofauti kabla ya usaili, na aeleze sababu bila aibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza kumbagua mtu kwenye ajira, na inamtaka mwajiri aweke mazingira yanayomwezesha. Aombe mojawapo ya haya: usaili wa kuandika, au muda usio na kikomo kwa kila jibu, au ahojiwe na mtu. Wakikataa bila sababu, barua pepe zao azitunze.

Ajira_Njiro

Naongezea kwa kaka yako: kwa kazi ya fundi, aombe apewe kazi ya kufanya. Kompyuta iliyoharibika, aitengeneze. Waajiri wengi hawakuwaza njia hiyo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

JikoniUsaRiver

Mtoa uzi, niliandika kama ulivyonielekeza. Wamejibu leo asubuhi, wameniita nije kupika wiki ijayo, chakula cha mchana cha watu wanane. Nimeulizwa nitahitaji nini sokoni. Asanteni wote, na mzee wa Sekei asante kwa kunitetea.

MzeeWaSekei

Hongera mama. Waulize kama kati ya hao wanane kuna asiyekula nyama au ngano. Wakiona umeuliza kabla ya kwenda sokoni wataelewa wamepata mtu wa namna gani.

KijanaWaSakina

Mama hongera sana. Mkuu, mimi wangu ni kesho, ni wa kujirekodi, bukingi. Nikishamaliza jibu na muda umebaki dakika nzima, nijaze au ninyamaze?

Ajira_Njiro

Usijaze. Ukimaliza tukio na mwisho wake, bonyeza maliza. Muda uliobaki hauhesabiwi, na ukianza kurudia maandishi yanakuwa marefu na hoja inazama. Kama kuna namba uliyosahau, mfano mlikuwa na wageni wangapi au mliokoa kiasi gani, itaje hapo kisha funga. Fanya swali la mazoezi kwanza, nyingi zinalo, usikilize maiki yako. Ukishatuma, andika barua pepe fupi kwamba umemaliza na unaomba kujua jibu litatoka lini.

Na mama wa Usa River, mkurugenzi wetu amekubali. Tangazo letu la jikoni na usafi litatoka na chaguo la Kiswahili, pamoja na namba ya simu ya ofisi kwa anayetaka kuhojiwa na mtu. Likitoka nitaliweka hapa.